Sokoine na msako wa wahujumu uchumi

Ukikaa barazani huku Likoni na wazee waliofanya biashara za Lunga Lunga na Tanga zamani, jina la Edward Moringe Sokoine halikawii kutajwa. Wako wanaomsifu, na wako wanaokunja uso.

Hakuwa mwanasheria. Alikuwa Mmasai wa Monduli, aliyezaliwa 1938, akaingia bungeni 1965 na kuwa waziri wa ulinzi 1972. Februari 1977 Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri Mkuu. Mwezi huohuo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, na bidhaa zikawa zinapita kwa magendo.

Aliacha cheo 1980 kwa sababu ya afya, akarudishwa Februari 1983. Nchi aliikuta hoi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, na sabuni, sukari na mafuta ya kupikia havikuonekana madukani, ila mwenye pesa alivipata kwa mlango wa nyuma. Machi msako ukaanza. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa, matajiri wa maghala pamoja na maofisa wa serikali na wa mashirika ya umma. Wengine wakawa wanatupa mali yao vichakani na baharini wasije wakakutwa nayo. Fikiria, mtu amekwambia jana hana hata kilo moja ya sukari!

Lakini watu walishikwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye. Dhamana hakuna, wakili hakuna, na kesi hazikwenda korti za kawaida bali mbele ya baraza maalumu.

Hapo ndipo nami ninapokwama. Huku kwetu kesi za ufisadi za wakubwa huzunguka kortini miaka na miaka, na 2022 na 2023 tuliona kadhaa zikiondolewa na upande wa mashtaka wenyewe. Ukiyaona hayo utamtamani Sokoine, hata mmoja tu. Ila sisi wa Likoni na Kisauni tunajua pia kijana kuchukuliwa usiku na mamake asijue yuko kituo gani. Tumelilia hilo sana. Siwezi kumdai wakili mtoto wa jirani yangu, kisha nikamnyima mwenye ghala kwa kuwa simpendi.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alitoka Dodoma bungeni kwenda Dar es Salaam, akafa kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, Morogoro. Alikuwa na miaka 45. Maneno ya mitaani juu ya ajali ile hayajaisha hadi leo, nami sina la kuongeza. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kikapewa jina lake.

Baadaye mwaka uleule ikatungwa sheria nyingine, ikazipeleka kesi za uhujumu Mahakama Kuu na kuwaruhusu washtakiwa kuwa na mawakili. Yeye hakuiona.