Jan Masaryk: Mwanadiplomasia Kati ya Kambi Mbili

Jan Masaryk alizaliwa jijini Prague tarehe 14 Septemba, 1886. Babaye, Tomáš Masaryk, ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Chekoslovakia mwaka wa 1918. Mamaye, Charlotte Garrigue, alikuwa Mmarekani.

Alikuwa balozi mjini London tangu 1925 hadi 1938, alipojiuzulu baada ya mkataba wa Munich kumkabidhi Hitler sehemu ya nchi yake. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa serikali iliyokuwa uhamishoni, akiwahutubia wananchi wake kupitia redio ya BBC. Mwaka wa 1945 alirejea nyumbani na wadhifa uo huo, akiazimia kuifanya Chekoslovakia daraja baina ya Mashariki na Magharibi.

Hata hivyo, mshika mbili moja humponyoka. Katika uchaguzi wa 1946 Wakomunisti walipata takriban asilimia 38 ya kura, na kiongozi wao, Klement Gottwald, akawa Waziri Mkuu. Julai 1947 serikali ilikubali kwenda Paris kuujadili Mpango wa Marshall, yaani msaada wa Marekani wa kuijenga Ulaya upya. Ujumbe wake, Masaryk akiwemo, ulipofika Moscow, Stalin aliutaka uamuzi huo ubatilishwe, nao ukabatilishwa. Daraja likawa limekatika upande mmoja.

Tarehe 20 Februari, 1948, mawaziri 12 walijiuzulu kupinga Wakomunisti kulihodhi jeshi la polisi. Baraza lilikuwa na mawaziri 26. Hivyo waliojiuzulu hawakufikia nusu. Masaryk, ambaye hakuwa na chama, hakuwafuata. Siku tano baadaye Rais Edvard Beneš aliridhia serikali mpya ya Gottwald, na Masaryk akabaki humo.

Alfajiri ya tarehe 10 Machi maiti yake ilipatikana uani mwa Kasri la Černín, chini ya dirisha la makazi yake. Serikali ilitangaza kuwa alijiua. Wengi waliamini aliuawa, na uchunguzi wa miaka mingi haujaikata kauli hiyo. Mwaka uliofuata mataifa ya Magharibi yaliunda muungano wa NATO, na Ulaya ikagawanyika kambi mbili.

Masaryk hakuwa Mkomunisti, wala hakukosa ujasiri: Munich ilimwona akijiuzulu. Mwaka wa 1948 alibaki, na kubaki kwake kuliipa serikali mpya heshima ambayo isingeipata kwingine. Hilo ndilo deni ambalo historia ingali inamdai.