Friedrich Fröbel, Mwalimu wa Watoto Wadogo

Hapa Elerai, chini ya Mlima Meru, twaona mara nyingi watoto wadogo wameketi mavumbini, wakipanga vijiti na kuchora kwa kidole. Mzazi apitaye huwakemea waache mchezo, wakashike kitabu. Sisi nasi tulidhani vivyo hivyo, mpaka tulipopata habari za mwalimu mmoja wa Ujerumani wa zamani, nazo twapenda kuwasimulia.

Friedrich Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, milimani mwa Thuringia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, mwenye usharika mkubwa na kazi nyingi. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Na mama wa kambo, alipopata mtoto wake mwenyewe, hakumjali tena. Baba alijaribu kumfundisha kusoma, lakini mafundisho yale yalikuwa mzigo kwao wote wawili, hata akamhesabu mwanawe kuwa mzito wa akili. Alipokuwa na miaka 10 hivi mjomba wake alimchukua akae kwake Stadtilm, na huko moyo wake ukachangamka.

Katika ujana wake alishika kazi mbalimbali, asitulie katika hata moja, mpaka mwaka 1805 alipopata kufundisha shuleni Frankfurt. Ndipo alipojua kazi yake. Tangu 1808 hata 1810 alikaa Uswisi kwa mwalimu Pestalozzi, na mwaka 1816 akaanzisha shule yake mwenyewe.

Alikuwa amekwisha kuwa na miaka 55 alipowageukia watoto wasiotimiza umri wa shule, katika mji wa Blankenburg, mwaka 1837. Miaka mitatu baadaye aliipa kazi hiyo jina la Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Mkulima havuti mche ili urefuke. Huupalilia na kuunywesha maji. Basi Fröbel aliwapa watoto mipira ya sufu ya rangi sita, na tufe la mti, na vipande vya mti vya kujengea, na karatasi za kukunja, na vijiti vya kupanga. Kwake mchezo haukuwa upuzi: ndiyo kazi ya mtoto, ambayo kwayo mkono, jicho na akili hujifunza pamoja.

Mwaka 1850 aliandika hadithi ya mtoto aitwaye Lina, aliyetamani kujua kuandika. Mama yake hakumpa kitabu kwanza, bali vijiti. Kwa vijiti Lina alipanga herufi kubwa, akaanza na zile za jina lake mwenyewe. Hivyo alijifunza kuandika kwanza, kisha kusoma, wala hakulazimishwa. Yaliyokuwa machozi kwa Fröbel mdogo yakawa furaha kwa Lina.

Lakini mzee hakumaliza siku zake kwa amani. Mwezi wa Agosti 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku bustani zake, ikidai kwamba zinawafundisha watoto kumkana Mungu. Maandiko ya Karl Fröbel, mtoto wa ndugu yake, yalidhaniwa kuwa yake. Alijitetea, asisikilizwe. Akafa huko Marienthal tarehe 21 Juni 1852, na marufuku ilikuwa ingalipo. Haikuondolewa mpaka mwaka 1860. Hata hivyo wanafunzi wake, wengi wao wanawake, walikuwa wameichukua mbegu ile mpaka Uingereza, na baadaye Marekani. Leo jina la bustani ya watoto lajulikana duniani kote.

Huko Schweina juu ya kaburi lake yamewekwa mawe matatu yaliyochongwa mfano wa vitu vya kuchezea alivyowapa watoto.

Basi wazazi, na ninyi walimu wa usharika, mkimkuta mtoto mavumbini na vijiti vyake, msimkemee. Inameni, mpangieni herufi ya kwanza ya jina lake, kisha mwacheni aipange mwenyewe.