Sadruddin: Mtetezi wa wakimbizi aliyekwamishwa na kura ya turufu

MNYARWANDA aliyepewa shamba Nakivale, kusini mwa Mbarara, na Mwasia aliyefukuzwa Uganda bila uraia wa nchi yoyote, wote waliguswa na kazi ya mtu mmoja: Mwanamfalme Sadruddin Aga Khan.

Alizaliwa karibu na Paris, Ufaransa, Januari 17, 1933. Baba yake alikuwa Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia. Baada ya masomo Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alijiunga na Umoja wa Mataifa. Mwaka 1965, akiwa na miaka 32 tu, akawa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi.

Wakati huo Nakivale ilikuwa makazi ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza 1959. Lakini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 uliwahusu tu waliokimbia matukio ya kabla ya mwaka huo. Kwa maandishi, mtu wa Nakivale hakuwamo. Itifaki ya 1967, iliyopatikana chini ya uongozi wake, ndiyo iliyoondoa kikomo hicho.

Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka, ofisi yake ilisaidia kuwatafutia makao wasio na uraia. Mwaka huohuo iliwasaidia wakimbizi wa Sudan Kusini kurejea kwao. Aliondoka madarakani 1977.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukitafuta Katibu Mkuu. Marekani ilimzuia Salim Ahmed Salim wa Tanzania, nayo China ikamzuia Kurt Waldheim wa Austria, aliyetaka kipindi cha tatu. Baada ya wiki sita za mvutano, wote wawili walikaa kando.

Hapo jina la Sadruddin likapata nguvu. Wajumbe wengi wa Baraza la Usalama walimuunga mkono, lakini Urusi ya Kisovieti ilimwona ni mtu wa Magharibi, ikatumia kura ya turufu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: Desemba 11 akachaguliwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Oktoba mwaka huohuo, ofisi aliyoiongoza miaka 12 ilikuwa imetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wakubwa hawakuuliza aliwafanyia nini wakimbizi. Waliuliza ni rafiki wa nani.

Sadruddin alifariki dunia Boston, Marekani, Mei 12, 2003. Itifaki ya 1967 ingali inamlinda mkimbizi.