Mwalimu aliyetuletea kadi nyekundu

Huku kwetu Kinampanda, Singida, tuna chuo cha ualimu, kwa hiyo refa wa mechi mara nyingi ni mwalimu au mwanachuo. Akipuliza filimbi tu anaambiwa kahongwa, na kelele zinapigwa mpaka anachosema hakisikiki. Lakini akichomoa kadi, hata muuza karanga anaelewa. Sasa aliyebuni kadi hizo naye alikuwa mwalimu.

Ni Ken Aston, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1915. Alisoma chuo cha St Luke's kule Exeter, akafuzu urefa 1936. Vita ya Pili ya Dunia ikamchukua, kisha akarudi kufundisha, na 1953 akawa mwalimu mkuu wa shule ya Newbury Park, Ilford. Yaani wiki nzima yuko na watoto, Jumamosi yuko na midume uwanjani!

Kasheshe yenyewe ilimkuta Kombe la Dunia 1962 mjini Santiago, Chile na Italia. Watazamaji kama 66,000 wamefura, maana waandishi wa Italia walikuwa wameuponda mji wao. Mapema tu Aston akamtoa Ferrini wa Italia, jamaa akagoma, ikabidi polisi wamtoe. Baadaye akamtoa David. Ila Leonel Sánchez wa Chile alirusha ngumi na akabaki ndani. Chile ikashinda 2-0. Mimi naona hapo mzee alichemsha. Hakuchezesha tena Kombe la Dunia.

Mwaka 1966 alikuwa msimamizi wa marefa. Robo fainali Wembley, England na Argentina, refa Mjerumani Kreitlein akamtoa nahodha Rattín. Refa hajui Kihispania, Rattín hajui Kijerumani, na uwanja unanguruma. Mchezo ukasimama dakika kadhaa, Aston akashuka kumbembeleza atoke. Kichekesho ni kwamba Jack Charlton wa England alikuja kusoma gazetini kuwa naye alionywa!

Aston akiwa kwenye gari lake anarudi, taa za barabarani pale Kensington zikamsimamisha. Njano, halafu nyekundu. Wazo likaja palepale: kitu cha kuonekana, kisichohitaji lugha wala kushindana na kelele.

Kadi zikaanza rasmi Kombe la Dunia Mexico 1970, na nyekundu haikutoka hata moja. Aston alifariki 2001, kwa hiyo aliwahi kuiona ya kwanza ya Kombe la Dunia ikitoka, 1974. Aliyelambwa ni Carlos Caszely, na timu yake ilikuwa Chile.