Johann Ludwig na Rosine Krapf: Maandalizi ya Safari Isiyofika kwa Waoromo

Jina la Johann Ludwig Krapf si geni kwa msomaji wa taaluma ya Kiswahili. Tangu sarufi yake ya mwaka 1850 hadi kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, hakuna historia ya uchunguzi wa lugha hii iwezayo kumruka. Aghalabu hutajwa katika aya za mwanzo, kisha mwandishi humwacha na kumwendea Steere. Makala haya hayakusudii kuipima upya sarufi hiyo. Yanakusudia kuyatazama maisha ya mtu huyu kwa upande ambao kwa kawaida hupitiwa juu juu: kwamba Kiswahili kwake kilianza kama sehemu ya maandalizi ya kwenda kuishi na watu wengine kabisa, yaani Waoromo, na kwamba maandalizi hayo hakuyafanya peke yake.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, kijiji kilicho jirani na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima, Walutheri kwa dini. Shuleni alijifunza lugha za kale na za wakati wake, na akiwa bado kijana alisoma habari za safari za James Bruce nchini Uhabeshi. Mwaka 1827 aliingia katika chuo cha wamisionari cha Basel, akakiacha baada ya muda kwa kuingiwa na shaka kuhusu wito wake, akasomea theolojia Tübingen na kuhitimu mwaka 1834. Hatimaye alijiunga na chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kilichompeleka Uhabeshi mwaka 1837.

Huko Tigray hakukaa. Yeye na wenzake walifukuzwa mwaka 1838. Mwaka uliofuata alifika Shoa, kwa Mfalme Sahle Selassie, na hapo ndipo alipokutana na Waoromo. Ulaya ya wakati huo iliwaita Wagala, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Krapf alivutiwa nao kupita kiasi. Aliwaona kuwa ni watu ambao, wakiisha kuupokea Ukristo, wangeueneza ndani ya bara, na hata aliwalinganisha na Wajerumani katika Ulaya. Ulinganisho huo unatueleza zaidi habari za Krapf kuliko habari za Waoromo. Hata hivyo haukubaki ndoto tupu. Alijifunza lugha yao, akaanza kutafsiri Injili, akatoa muhtasari wa sarufi mwaka 1840 na orodha ya msamiati mwaka 1842. Utaratibu alioufuata baadaye Mombasa, yaani kusikiliza, kukusanya maneno, kutafsiri, kisha kuandika sarufi, alikuwa amekwisha kuujaribu Shoa.

Mwaka 1842 aliondoka Shoa kuelekea Misri kumwoa Rosine Dietrich, mwanamke kutoka Basel. Rosine alikuwa amewahi kuchumbiwa na mmisionari mwingine aliyefariki kabla ya ndoa. Kwa hiyo alipopanda chombo kwenda Misri hakuwa mtu asiyejua kazi hiyo inadai nini. Walioana Alexandria, wakafunga safari ya kurudi Shoa kuanza maisha kati ya Waoromo. Njia walikuta imefungwa: wageni wa dini yao hawakutakiwa tena. Walijaribu kupitia Tigray, na mwaka 1843, katika nyika ya Washoho karibu na Massawa, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto hakuishi. Baba yake alimpa jina la Eneba, maana yake chozi kwa Kiamhari, akamzika papo hapo, na safari ikaendelea.

Mlango wa kaskazini ulipofungwa, Krapf aliitazama ramani upya. Alijua kwamba Waoromo wameenea kusini hadi karibu na Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mtu angeweza kuwafikia kwa kupitia pwani. Hii ndiyo sababu iliyomleta Uswahilini. Novemba 1843 yeye na mkewe walitweka kutoka Aden. Chombo cha kwanza kilivuja wakanusurika kufa maji, wakarudi, wakapata kingine, na Januari 1844 wakawa Unguja. Sayyid Said bin Sultan aliwapokea vema na kumpa Krapf barua ya kuwataka maliwali wake wa pwani wamsaidie. Krapf alikwenda kwanza kuikagua pwani, na Mei 1844 mume na mke wakahamia Mombasa.

Mombasa haikuwa mwisho wa safari yao bali kituo cha kujitayarishia. Krapf alikuwa na Kiarabu cha kumwezesha kuzungumza na wenye elimu wa mji, naye alianza Kiswahili mara moja. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na miongoni mwa waliomsaidia alikuwamo kadhi wa Mombasa. Jambo hili lastahili kutiliwa mkazo. Krapf hakuupenda Uislamu, na maandishi yake yanaonyesha hivyo bila kificho. Lakini alipohitaji mtu wa kumfunulia lugha alimwendea kadhi, na kadhi hakumfukuza. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la chama cha wataalamu wa mambo ya Mashariki. Jina linalohusishwa na kazi hiyo ni la Krapf. Masikio na ulimi vilikuwa vya watu wa Mvita.

Mwezi mmoja baada ya kuianza tafsiri hiyo, homa iliiingia nyumba. Julai 6 Rosine alijifungua mtoto wa kike, naye akiwa mgonjwa; mumewe alikuwa kitandani hajiwezi. Tarehe 13 Rosine alifariki dunia. Mtoto alimfuata baada ya muda mfupi. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, ili kaburi lao lionekane na wapitao njia, Waswahili na watu wa bara, liwakumbushe lililowaleta wageni hao. Krapf aliwaandikia wakuu wake wa London kwamba kaburi hilo ni dalili ya kuanza kwa kazi, si ya kushindwa. Wasifu wa wamisionari umeirudia barua hiyo kwa fahari mara nyingi. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba fahari hiyo inatosha. Rosine alizaa mara mbili ndani ya takriban miezi kumi na tano, jangwani na kisha mjini penye homa, akielekea kwa watu ambao hakuwaona. Nasi twamjua zaidi kwa kalamu ya mumewe.

Kwa miaka miwili Krapf alibaki peke yake Mombasa, na miaka hiyo ndiyo iliyomfanya mwanalugha wa Kiswahili. Juni 1846 Johannes Rebmann aliwasili, na Agosti 25 mwaka huo wawili hao walihamia Rabai Mpya kwa idhini ya wazee wa Warabai, wote wakiwa na homa njiani. Taarifa za Ulaya zilifanya Rabai ionekane kama mwisho wa dunia. Kwa hakika ni mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka Mombasa, na Warabai, kama Wamijikenda wengine ambao vitabu vya zamani viliwaita Wanyika, walikuwa na uhusiano wa biashara na mapatano na mji huo tangu zamani. Umbali ulikuwa katika macho ya mgeni. Wenyeji walimpokea kwa utulivu wa watu waliozoea wageni, na waliomfuata katika dini walikuwa wachache mno.

Kutoka Rabai zilianza safari zinazojulikana zaidi. Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Alimtembelea Kimweri huko Vuga mara mbili, 1848 na 1852. Mwaka 1851, katika safari yake ya pili Ukambani, msafara wake ulishambuliwa karibu na mto Tana, mwenyeji wake Kivoi akauawa, na Krapf akarudi kwa shida akila alichookota. Maskani kwa Waoromo hakuyapata kamwe. Kila mwaka uliopita, lugha aliyoichukua kuwa njia ilizidi kuwa ndiyo kazi yenyewe. Sarufi yake ilichapishwa Tübingen mwaka 1850, pamoja na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, ukiwemo Kioromo. Alichagua hati za Kirumi badala ya hati za Kiarabu ambazo Waswahili walikwisha kuziandikia kwa karne nyingi, uamuzi uliokuwa na nia ya kidini waziwazi. Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyepeleka Ujerumani nakala za tenzi zilizoandikwa kwa hati hizo, mojawapo ikiwa Utendi wa Tambuka, zikahifadhiwa Halle tangu mwaka 1854.

Afya mbovu ilimrudisha kwao mwaka 1853, akakaa Kornthal. Mwaka 1862 alikuja tena kwa muda mfupi kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe. Mwaka 1867 jeshi la Waingereza lilimchukua kama mkalimani katika vita vyake vya Uhabeshi, aliugua, akarudi. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875, alipoondoka akiwa kipofu, akafariki mwaka uliofuata.

Katika miaka ya 1870 Krapf alisimamia uchapishaji wa Maandiko kwa Kioromo, huku akiikamilisha kamusi ya Kiswahili yenye msingi katika Kimvita. Alifariki Kornthal tarehe 26 Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata.