Wasifu wa Edward Levi

Kabla ya kujibu swali la uongozi katika tamthilia ya Kigogo, soma maisha ya kiongozi huyu.

Edward Levi alizaliwa mwaka wa 1911 mjini Chicago, Marekani. Alisomea sheria, akaifundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka wa 1949 akatoa kitabu kuhusu jinsi hoja za kisheria hujengwa. Aliongoza kitivo cha sheria kuanzia 1950 hadi 1962. Mwaka wa 1968 akawa rais wa chuo hicho, cheo kinacholingana na naibu chansela hapa Kenya.

Mtihani wake ulikuja Januari 1969. Mhadhiri mmoja alinyimwa mkataba mpya. Wanafunzi wakaliteka jengo la utawala kwa takriban wiki mbili. Levi alikataa kuita polisi. Alisubiri hadi walipotoka wenyewe. Usidhani aliwaachilia: kamati ya nidhamu iliwafukuza wanafunzi 42 na kuwasimamisha 81.

Mwaka wa 1975, baada ya kashfa ya Watergate, aliteuliwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Alifariki mwaka wa 2000.

Unakumbuka mabweni yaliyoteketezwa hapa Kisii mwaka wa 2016. Jiulize: wenye hasira wakabiliwe vipi? Levi hakutumia rungu, wala hakufumbia macho kosa.

Zoezi
Linganisha uongozi wa Levi na wa Majoka. Toa hoja, kisha uithibitishe kwa tukio. (alama 10)