Katibu na Mbweha Wake: Maisha ya Ibn al-Muqaffa

Katika mihadhara ya fasihi simulizi, hurafa hupewa nafasi finyu. Huelezwa kuwa ni ngano ambayo wahusika wake ni wanyama, hutolewa mfano wa sungura na fisi, kisha mhadhiri akaendelea na visasili. Aghalabu huongezwa kwamba lengo la utanzu huu ni kuwafunza watoto adabu. Dai hilo lina ukweli kiasi, lakini mtu aliyeufikisha utanzu wenyewe katika maktaba za Baghdad, na kutoka huko hadi Uhispania, hakuwaandikia watoto. Aliwaandikia wafalme na wale waliokula sahani moja na wafalme, naye akauawa na serikali akiwa na umri wa miaka 36 hivi.

Alizaliwa karibu na mwaka 720 katika mji wa Gor, ambao leo huitwa Firuzabad, jimboni Fars nchini Iran. Wazazi wake walikuwa Waajemi wasio Waislamu, wakampa jina Ruzbih. Inasimuliwa kwamba baba yake, Daduya, alikuwa mkusanyaji kodi chini ya al-Hajjaj ibn Yusuf, yule gavana wa Iraq aliyeogopwa kuliko wote katika zama za Bani Umayya. Daduya alishutumiwa kufuja mali ya serikali, akateswa hadi mkono wake ukasinyaa. Watu wakambandika lakabu ya al-Muqaffa, yaani mwenye mkono uliosinyaa. Mwanawe akawa Ibn al-Muqaffa, mwana wa mwenye mkono uliosinyaa, na ndilo jina analojulikana nalo hadi leo. Ni ajabu iliyoje kwamba mmoja wa waasisi wa nathari ya Kiarabu hakumbukwi kwa jina alilopewa na wazazi wake, bali kwa kovu ambalo dola iliacha mwilini mwa baba yake!

Kijana huyu alikulia Basra, mji wa wanasarufi na washairi, akajifunza Kiarabu hadi akawapita wengi waliozaliwa nacho. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya ukatibu. Katibu wa zama hizo hakuwa karani wa kunakili barua tu. Ndiye aliyetunga nyaraka za mkuu wake, akahifadhi siri zake na kumchagulia maneno ya kumtisha adui au ya kumbembeleza. Hata hivyo, hakuwa na jeshi wala kabila la kumtetea mambo yalipoharibika. Ibn al-Muqaffa aliwatumikia maofisa wa Bani Umayya huko Kirman. Utawala huo ulipopinduliwa na Bani Abbas mwaka 750, alihamia kwa mabwana wapya akiwa salama, jambo ambalo makatibu wengine hawakujaliwa. Alisilimu mbele ya Isa ibn Ali, ami yake khalifa, akaitwa Abdallah. Baadaye maadui wake walidai kwamba Uislamu wake ulikuwa wa midomoni. Kwa maoni yangu, tuhuma hiyo inapaswa kupimwa kwa tahadhari, maana katika enzi hiyo uzandiki ulikuwa shtaka jepesi la kumbambikia mtu ambaye kosa lake halisi lilikuwa la kisiasa.

Ni katika miaka hiyo ya misukosuko alipoandika Kalila wa Dimna. Chanzo chake cha mbali ni Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti. Katika karne ya 6, tabibu Burzoe aliyemtumikia mfalme Khusraw Anushirwan alikitafsiri kwa Kipahlavi, lugha ya kale ya Uajemi. Tafsiri hiyo ya Kipahlavi imepotea. Ibn al-Muqaffa aliifasiri kwa Kiarabu, na ingawa twaiita tafsiri, alipunguza hapa na kuongeza pale kama mtu anayejua ugonjwa wa wasomaji wake.

Tuitazame hadithi kuu ya kitabu hicho, kwani humo ndimo ulimo uzito wake. Simba ni mfalme wa msituni. Siku moja anasikia mlio asioufahamu, naye anaingiwa na hofu. Anajifungia katika makao yake akijifanya kwamba hakuna lililotokea. Mlio huo ni wa fahali aliyeachwa na wafanyabiashara, mnyama asiye na nia mbaya kwa yeyote. Mbweha Dimna, mtumishi wa baraza la chini aliyejaa tamaa ya cheo, anaigundua hofu ya mfalme, anamleta fahali barazani, na kwa hilo anapandishwa daraja. Mambo yanageuka pale simba anapompenda fahali kuliko washauri wake wote. Dimna anaingiwa na wivu. Anamwendea simba na kumweleza kwamba fahali anapanga uasi, kisha anamwendea fahali na kumweleza kwamba simba anataka kumla. Wawili hao wanapokutana, kila mmoja anaona katika uso wa mwenzake dalili alizoambiwa azitarajie. Fahali anauawa. Kalila, nduguye Dimna, alikuwa amemwonya tangu mwanzo.

Hapa pana mtawala anayeficha woga wake kwa adhama, na msiri wa mfalme anayekufa bila hatia kwa sababu ya uvumi. Ni nani katika Basra ya wakati huo angethubutu kuandika kwamba khalifa ni mwoga na kwamba huua kwa kusikia? Simba aliweza kuandikwa hivyo. Hata katika utangulizi wake Ibn al-Muqaffa anamtahadharisha msomaji kwamba maneno ya wanyama yana sura ya nje inayowavutia vijana na kuwaburudisha wafalme, na kwamba asiyeipenya sura hiyo hajakisoma kitabu.

Lipo jambo jingine ambalo mwanafunzi wa fasihi linganishi hapaswi kulipita. Katika Panchatantra, mbweha mchochezi anafanikiwa na kubaki waziri. Katika Kalila wa Dimna inafuata sura nzima ya kesi. Dimna anashtakiwa mbele ya baraza, mashahidi wanaletwa, anajitetea kwa ufasaha wa kutisha, na mwishowe anahukumiwa kufa. Wataalamu wengi wanaamini kwamba sura hii ni ya Ibn al-Muqaffa mwenyewe. Alitaka pawe na kesi na ushahidi. Mwenyewe hakuja kuupata.

Mbweha hakumponza, waraka wa wazi ndio uliomponza. Mwaka 754, Abdallah ibn Ali alimwasi mpwawe, khalifa al-Mansur, akashindwa vitani, akakimbilia Basra kwa ndugu zake Sulayman na Isa. Hao walimwombea msamaha, wakamwagiza Ibn al-Muqaffa aandike hati ya amani ambayo khalifa angeitia sahihi. Naye aliifunga kila upenyo. Inasimuliwa kwamba hati ilieleza kuwa khalifa akiivunja, wake zake watakuwa wametalikiwa, watumwa wake watakuwa huru, na Waislamu watakuwa wameondolewa kiapo cha kumtii. Al-Mansur alikasirika, akauliza ni nani aliyeiandika. Huenda pia hakuwa amesahau risala nyingine ambamo katibu huyo alimshauri mtawala jinsi ya kulirekebisha jeshi na kuziunganisha hukumu za makadhi zilizopingana. Ushauri ulikuwa mzuri, lakini haukuwa na mnyama wa kuufunika.

Sulayman aliondolewa katika ugavana wa Basra, nafasi yake ikashikwa na Sufyan ibn Muawiya. Sufyan alikuwa na kisasi chake binafsi, maana Ibn al-Muqaffa alizoea kumdhihaki kwa pua yake kubwa, akimsalimu kana kwamba anawasalimu watu wawili. Baina ya mwaka 756 na 759 katibu aliingia katika nyumba ya gavana, asionekane tena. Masimulizi mashuhuri yanasema alikatwa viungo, vikatupwa katika tanuri kimoja baada ya kingine. Isa na Sulayman walimshtaki Sufyan mbele ya khalifa na wakaleta mashahidi. Al-Mansur aliwauliza itakuwaje iwapo atamuua Sufyan, kisha Ibn al-Muqaffa akajitokeza akiwa hai kupitia mlango uliokuwa nyuma yake. Mashahidi walielewa, wakaufuta ushahidi wao.

Kitabu chake kilisalimika. Kilitafsiriwa kwa Kiajemi kipya, Kiebrania, Kilatini na Kihispania, na katika karne ya 17 La Fontaine wa Ufaransa alikiri deni lake kwa mapokeo hayo. Pwani yetu nayo, iliyofanya biashara na Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa karne nyingi, ilipokea hadithi pamoja na shehena za majahazi. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hekaya alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, na miongoni mwazo imo ile ya kima na papa, ambayo ndani yake mna kisa cha punda wa dobi. Katika Kalila wa Dimna, anayetaka kumhadaa kima ni kobe; Unguja akawa papa. Mbweha, mtumishi wa simba, akawa sungura wetu.

Punda anashawishiwa kwenda kwa simba, anashambuliwa, anaponyoka, kisha anashawishiwa tena na kurudi. Safari hii anauawa. Mtumishi anaula moyo na masikio, na anapoulizwa viko wapi anajibu kwamba mnyama huyu hakuwa navyo kamwe, ama sivyo asingerudi mara ya pili. Basra kama Unguja, mtumishi amekula sehemu bora ya windo la bwana wake, na simba, akiisha kupewa hoja nzuri, anaridhika.